Ufa hauzibwi kwa rangi



Miongoni mwa barua zilizoufikia ukurasa huu imo moja ambayo sikuweza kuiweka kando. Imeandikwa kwa mkono katika karatasi mbili za daftari la shule, na mwandishi wake ni mama mmoja wa Mkoa wa Kagera. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa habari anayoieleza ni ya ndani ya nyumba yake, naye hapendi majirani wapate la kusema. Nitaiheshimu haja yake. Lakini swali lake ni la watu wengi, kwa hiyo ninalijibu hadharani.

"Mwanangu mwandishi," anaandika mama huyu, "nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Tuliijenga kwa fedha za kahawa, chumba kwa chumba, kwa miaka mingi. Lile tetemeko la mwaka 2016 liliipasua lakini haikuanguka. Mzee alikoroga udongo na saruji kidogo, akaziba nyufa, akapaka chokaa, ikapendeza. Sasa kijana wetu aliye mjini ametuletea fedha za kuitengeneza. Mzee anataka dari, vigae vya sebuleni na mlango wa chuma. Mimi nataka utazamwe ukuta wa chumba wanacholala wajukuu, maana ule ufa umerudi. Mzee anasema nyumba iliyofaulu mtihani hairudii darasa. Wewe unasemaje?"

Mama, shikamoo. Na Mzee, ambaye bila shaka gazeti hili litapita mikononi mwake, shikamoo. Mimi ni mtoto kwenu, na si kazi ya mtoto kuamua magomvi ya wazazi. Lakini nimeulizwa, na tangu nilipoulizwa nimewatafuta mafundi na kusoma yale yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu. Niruhusuni nieleze polepole, kwa maana fedha za kijana ni chache na hazitakuja mara mbili.

SIKU ILE YA JUMAMOSI

Kwanza tukumbushane. Tetemeko analolitaja mama lilitokea siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Ukubwa wake ulipimwa kuwa 5.9, na kitovu chake kilikuwa upande wa Wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Mtikisiko wake ulisikika Uganda, Rwanda hata Kenya. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata wanafunzi wakalazimika kurudi makwao.

Tafakari saa hiyo, ndugu msomaji. Alasiri ya Jumamosi watu wengi wako nje: wengine sokoni, wengine shambani, watoto wako uwanjani wanacheza. Lau mtikisiko ule ule ungalitokea saa 9 za usiku, familia zote zikiwa zimelala chini ya kuta zilezile, sidhani kama hesabu ya marehemu ingaliishia pale ilipoishia.

Yafaa pia tuulize: ni kitu gani kilichowaua ndugu zetu? Hatukusikia kwamba ardhi ilifunuka ikameza watu. Wale waliokufa na wale waliovunjika viungo, aghalabu waliangukiwa na kuta. Mtu aliyesimama katikati ya kibanja chake, mbali na nyumba, alitikisika, akaogopa, pengine akaanguka chini. Kisha akainuka na kujikung'uta vumbi. Mgomba haukumuua. Kilichoua ni tofali, na tofali lile tulilichoma sisi wenyewe, tukalipanga sisi wenyewe, tukaliamini.

Wapo wasemao kwamba tetemeko ni kudura ya Mungu na hakuna la kufanya. Sibishani nao juu ya tetemeko. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutuambia siku na saa litakapokuja. Lakini ukuta si kudura. Ukuta una fundi, una mwenye nyumba, na una bei.

NCHI MBILI, MWAKA MMOJA

Ili tusidhani kwamba haya ni maneno matupu, tutoke kidogo nje ya mipaka yetu tuangalie nchi mbili ambazo zilipatwa na matetemeko katika mwaka mmoja.

Tarehe 12 Januari 2010 nchi ya Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Zaidi ya watu laki moja walikufa, na Serikali yao ilitaja hesabu kubwa zaidi ya hiyo. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Februari 2010, nchi ya Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8. Kwa hesabu za wataalamu, nguvu iliyofunguka Chile iliizidi ile ya Haiti mara 500 hivi. Waliokufa Chile walikuwa watu wapatao 500, na baadhi yao walichukuliwa na mawimbi ya bahari yaliyofuata.

Haki itendeke: tetemeko la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu, tena si mbali chini ya ardhi, na jambo hilo liliongeza maafa. Lakini tofauti kubwa ilikuwa katika majengo. Haiti watu walikuwa wamejenga kuta nzito za matofali na sakafu nzito za zege juu ya nguzo dhaifu, zenye chuma kidogo, bila mtu wa kuwakagua. Chile ilikuwa imejifunza kwa machozi. Mwaka 1939 tetemeko la Chillán liliua maelfu ya watu wake. Mwaka 1960 ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa duniani. Baada ya misiba ya namna hiyo kanuni za ujenzi zilikazwa na kufuatwa, na mwaka 2010 watu wengi walitoka hai katika nyumba zao kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa kabla wengine wao hawajazaliwa.

Pengine Mzee atasema: hao wanakaa juu ya matetemeko, sisi lilitupata mara moja tu. La hasha. Nchi yetu inapitiwa na Bonde la Ufa, na mkono wake wa magharibi unashuka kutoka Uganda kupitia Ziwa Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa katika bara la Afrika. Tarehe 20 Machi 1966 jirani zetu wa Toro, Uganda, walipoteza zaidi ya watu 100. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa ukubwa wa 6.8, na nyumba zikaanguka Kalemie ng'ambo ya pili. Mwaka 1910 wengi wa babu zetu walilala katika nyumba za miti na nyasi. Leo tunalala chini ya matofali. Ardhi ni ile ile. Tulichobadilisha ni kile kilicho juu ya vichwa vyetu.

KIKAPU NA UKINGO WAKE

Sasa tuingie katika nyumba yenyewe. Kwa nini ukuta uliosimama miaka 20 uanguke katika nusu dakika?

Tofali ni hodari wa kubeba. Ulipange juu ya mwenzake, uweke paa juu, litabeba mzigo huo bila kulalamika, kwa kuwa mzigo wa paa unalisukuma chini. Lakini tetemeko halisukumi chini; linasukuma ubavuni, kushoto na kulia, haraka haraka. Ukuta wa matofali ukisukumwa ubavuni hauna cha kujishikia isipokuwa ule udongo au saruji iliyo katikati ya kozi na kozi. Ikiwa kilichowekwa katikati ni tope lililokauka, basi kuta nne za chumba si nyumba moja. Ni kuta nne zilizokutana pembeni kwa bahati, na mtikisiko ukija kila moja inakwenda upande wake.

Kina mama wa Kagera ni wasukaji mashuhuri, kwa hiyo mfano huu watauelewa upesi kuliko mainjinia. Msukaji anapofika juu ya kikapu hakiachi hivyo hivyo. Huzungusha ukingo, akaukaza, ukafunga ncha zote pamoja. Kikapu kisicho na ukingo hupanuka mdomo siku ya kwanza ya kubebea viazi, na siku ya pili hufumuka. Ile ile ndiyo habari ya nyumba. Nyumba inahitaji ukingo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya shule za ufundi. Msonge wa Kihaya ni kama kikapu kikubwa kilichofunikwa: fito zimezungushwa duara juu ya duara na kufungwa kwa kamba kutoka chini hadi kileleni. Ukitikiswa huyumba, kisha hurudi. Simwambii mtu arudi kwenye nyasi, maana msonge una adui zake, na moto ndiye wa kwanza. Ninachosema ni kwamba tulipohama kutoka kwenye fito kwenda kwenye tofali tulichukua uzito tukaacha ule ufungaji.

Ukingo wa nyumba ya matofali ni mkanda wa zege wenye nondo ndani yake, unaopita juu ya milango na madirisha. Mafundi wetu wengi huuita linta. Lakini hapa ndipo penye hila. Mara nyingi fundi humwaga linta vipande vipande: kipande juu ya mlango, kipande juu ya dirisha, kisha huendelea na matofali. Vipande hivyo vinazuia tofali lisimwangukie mtu anayepita mlangoni, basi. Havifungi nyumba. Mkanda unaofunga nyumba ni ule unaozunguka kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika, na nondo zake zinapinda kwenye kila pembe na kulala juu ya zile za ukuta wa pili. Nondo zinazoishia pembeni ni sawa na ukingo wa kikapu uliokatwa mahali panapohitaji kukazwa zaidi.

JINSI YA KUUSOMA UFA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli. Lakini hawakusema ufa uzibwe kwa chokaa. Ufa ni maneno ya ukuta. Yafaa kwanza tuyasikilize ndipo tuyajibu.

Mama, fanya haya. Gusa ule ufa kwa ncha ya kisu. Ukiwa umo ndani ya lipu tu, na tofali nyuma yake ni zima, hilo ni jambo dogo. Ukiwa umepasua hadi upande wa pili, hata ukitazama jioni unaona mwanga au unahisi upepo, hilo ni jambo kubwa.

Tazama unakoelekea. Ufa unaoshuka wima kwenye pembe ya chumba unasema kuta mbili zinaachana. Ufa unaotoka pembe ya dirisha na kupanda au kushuka kwa mshazari unasema ukuta umesukumwa ubavuni ukashindwa. Nyufa mbili za namna hiyo zikikatana ukuta huo umechoka kabisa. Ufa wa kulala ulio chini ya ile pembetatu ya matofali inayopanda hadi kwenye kipeo cha paa unasema pembetatu hiyo imesimama kwa uzito wake tu.

Kisha uliza kama ufa unaendelea. Paka bonge dogo la saruji juu yake, likishika pande zote mbili, na uandike tarehe kwa msumari. Baada ya miezi michache, bonge likiwa limepasuka, ukuta unatembea. Mama ameandika kwamba ufa umerudi. Basi kipimo hicho kimekwisha kufanyika katika nyumba yake bila yeye kukusudia: chokaa ya Mzee ndiyo ilikuwa lile bonge.

Mwisho, kwaruza kwa msumari kile kilichoshika matofali. Kikidondoka kama unga, jua kwamba nyumba imeshikwa na mazoea.

NENO KWA MZEE

Mzee wangu, umesema nyumba iliyofaulu mtihani hairudii darasa. Naomba kukupinga kwa adabu. Nyumba yako haikufaulu, ilinusurika. Mtu aliyeanguka mnazini akaamka na mbavu zilizovunjika hatumwambii kwamba sasa amekwisha kuwa hodari wa kuanguka. Kabla ya mwaka 2016 kuta zako zilikuwa zimeshikana kwa kiasi fulani. Mtikisiko ule ulikula sehemu ya mshiko huo, na ulichoweka badala yake ni udongo. Tetemeko dogo kuliko lile la kwanza laweza kuumaliza ukuta ambao lile kubwa liliuacha umesimama. Tena si lazima liwe tetemeko. Mvua nyingi na upepo mkali vyatosha.

Sisemi vigae ni vibaya. Mtu aliyelima kahawa maisha yake yote ana haki ya sebule inayong'aa. Ninasema habari ya mpangilio. Fedha ya kijana itumike kwa utaratibu huu, na itakapoishia iishie hapo.

Kwanza, kabla ya senti moja kutumika, wahamisheni wajukuu. Wasilale chini ya ile pembetatu ya ukuta wala kando ya pembe iliyopasuka. Kabati refu lisisimame karibu na kitanda, na sanduku la bati lisikae juu ya kabati. Hilo halina gharama, na laweza kufanyika leo kabla ya chakula cha jioni.

Pili, mwiteni mhandisi wa halmashauri ya wilaya, au fundi mwenye cheti na jina jema, aitazame nyumba. Gazeti halioni ukuta. Zipo nyumba ambazo hazifai tena kutengenezwa, na ni heri kuambiwa hivyo mapema kuliko kutandika vigae katika nyumba inayopaswa kubomolewa.

Tatu, akisema inatengenezeka, anzeni na ile pembetatu ya matofali. Ndiyo hutangulia kuanguka katika nyumba za namna hii, kwa sababu iko juu, ni nyembamba, na hakuna kinachoishika. Ishusheni, na mahali pake wekeni mbao na mabati, au mbao peke yake. Nyumba itakuwa nyepesi, na kitakachoanguka, kikianguka, hakitaua. Matofali yatakayotoka hapo hayatapotea, yatajenga jiko.

Nne, uwekeni ukingo ambao haukuwekwa mwanzo. Juu ya milango na madirisha, nje na ndani, fundi abandue lipu kwa ukanda unaozunguka nyumba nzima. Apigilie wavu wa chuma pande zote mbili, atoboe ukuta kila baada ya nusu mita hivi na kuufunga wavu wa nje na wa ndani kwa waya, kisha aufunike kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga. Kwenye pembe, wavu ushuke wima hadi chini. Mhandisi ndiye ataamua unene wa wavu. Wavu mwembamba wa mabanda ya kuku hautoshi kwa kazi hii.

Tano, fungeni paa. Kenchi zishikwe kwenye ukuta kwa waya mnene au chuma bapa kilichoteremka ndani ya matofali, zisikae juu kama kofia.

Baada ya hapo ndipo dari, ndipo vigae, ndipo mlango wa chuma. Mlango wa chuma humzuia mwizi, lakini mwizi hajawahi kuchukua wajukuu wote kwa usiku mmoja.

KWA ANAYEANZA KUJENGA

Wewe ambaye bado unakusanya matofali una bahati, kwa kuwa ni rahisi kufunga nyumba inapopanda kuliko kuifunga ilipokwisha. Tupige hesabu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa mita 8. Mzunguko wake ni mita 36. Tuseme kuta za ndani ni mita 20. Jumla ni mita 56 za ukuta. Mkanda wa upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15 juu ya kuta hizo zote utameza zege la meta za ujazo 1.7 hivi. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, hiyo ni mifuko kama 11 ya saruji. Nondo 4 zikipita katika mkanda wote, pamoja na mahali zinapolaliana, utahitaji nondo kama 22 za urefu wa mita 12, na juu yake ringi na waya wa kufungia.

Peleka hesabu hiyo katika duka la vifaa la kwenu, uiweke kando ya bei ya geti, vigae na rangi. Kisha kaa na mwenzako muulizane kipi kingoje.

Mengine hayana gharama kubwa, yanataka usimamizi. Tofali liloweshwe maji kabla ya kujengwa, lisije likanyonya maji ya saruji. Kuta zikutane pembeni kwa kupishana kozi kwa kozi, zisiungwe baadaye. Dirisha lisikae karibu na pembe ya nyumba. Liache angalau nusu mita na zaidi, na madirisha na milango kwa jumla yasile zaidi ya nusu ya urefu wa ukuta. Zege limwagiliwe maji siku 7, watoto waifanye kazi hiyo kwa zamu. Kiwanja kisiwe juu ya kifusi, wala kwenye ardhi ya tope, kwa maana udongo laini huukuza mtikisiko. Usichimbe mteremko ukaacha ukingo wa udongo umesimama wima nyuma ya nyumba.

Na ndugu zangu ambao hamkai Kagera, msiifunge kurasa hii. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 katika kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama, haikutikisika ardhi. Ilinyesha mvua ya mawe yenye upepo mkali. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa wameangukiwa na nyumba zao za udongo. Msiba ni mwingine, ukuta ni ule ule. Nyumba iliyofungwa vema dhidi ya mtikisiko ina nafasi bora zaidi mbele ya upepo pia.

Liko jambo moja ambalo familia peke yake haiwezi. Mama mmoja hawezi kumlazimisha fundi ajue asichofundishwa. Mikutano yetu ya vijiji hujadili mengi. Naomba mmoja ujadili habari ya linta. Mafundi wa kijiji waitwe, mhandisi wa wilaya aalikwe, na ukuta mmoja wa zahanati au wa darasa ujengwe mbele ya watu wote, kila mtu aone nondo inavyopinda kwenye pembe. Fundi akishafundishwa hivyo mbele ya wateja wake hatathubutu kuikata tena.

Nirudi kwa Mama. Umeuliza ninasemaje. Ninasema umeuona ufa ambao wengine wameuficha, na hiyo ndiyo kazi ya mlezi. Usigombane na Mzee. Mpe gazeti hili alisome mwenyewe jioni, kisha mchukue kwa mkono hadi katika kile chumba, mpe msumari, akwaruze. Mtu aliyejenga nyumba yake chumba kwa chumba ataisikia sauti ya udongo ule unapodondoka, na nadhani hatahitaji kuambiwa zaidi. Kitanda cha wajukuu, tafadhali, kihameni leo.

Ukipata nafasi, niandikie tena unieleze mlivyoamua. Ndugu wasomaji wengine, nanyi leteni maswali yenu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.